Mungu Hagawi Pointi za Hoteli

Jumapili iliyopita, baada ya matangazo na kabla ya sadaka ya pili, mchungaji aliuliza kama kuna mwenye ushuhuda. Akasimama baba mmoja wa makamo, suti ya bluu, viatu vinang'aa. Wote tunamfahamu: anafanya kazi kwenye mradi wa wafadhili na mwezi haupiti hajapanda ndege. "Bwana Yesu asifiwe!" Tukaitikia. Akaeleza kwamba yeye na mama watoto wametimiza miaka kumi na tano ya ndoa, kwamba ada za Januari zilikuwa zimemkausha mfukoni, lakini Bwana ni mwaminifu: wamelala siku mbili kwenye hoteli ya nyota tano hapa hapa mjini, ghorofa ya tisa, bahari wanaitazama wakiwa kitandani, na hakutoa hata senti. Ametumia pointi! Vigelegele vikapigwa. Mama mmoja nyuma yangu akasema kwa sauti, "Napokea!"

Nilinyamaza, kwa sababu kanisani si mahali pa kubishana. Hapa gazetini ndipo mahali pake.

Imani hii kwamba chumba cha pointi ni chumba cha bure imewaingia hata watu ambao sikuwategemea. Watu wenye shahada mbili, wanaoweza kukupigia riba ya mkopo wa kausha damu kichwani bila kikokotoo, ukiwatajia pointi wanageuka watoto wanaosubiri pipi. Mimi nina swali moja tu, na nitalirudia mpaka mhariri anikataze: nani alilipa?

Tupige hesabu kidogo. Kwenye hoteli nyingi za Marriott, mwanachama wa kawaida wa Bonvoy, programu yao ya kuwazawadia wateja pointi za kulipia vyumba, hupata pointi 10 kwa kila dola anayotumia. Chumba cha dola 200 kinakupa pointi 2,000. Tuseme usiku mmoja kwenye hoteli nzuri ya mjini unagharimu pointi 40,000. Ili uupate, lazima kwanza zilipiwe siku 20 za dola 200, yaani dola 4,000. Tukiihesabu dola kwa shilingi 2,500, hiyo ni milioni 10. Ndugu yetu alilala siku mbili, kwa hiyo milioni 20. Sasa niambieni, mtu aliyekaushwa na ada za Januari alizitoa wapi milioni 20 za kuwapa wenye hoteli? Hakuzitoa yeye. Zilitoka kwenye mradi, na mradi huo, kwenye makaratasi yake yote, unasema upo kwa ajili ya maji vijijini. Kuna kijiji mahali fulani kimemlaza mtu ghorofa ya tisa, na hakikutajwa kwenye ushuhuda hata kwa bahati mbaya.

Waswahili tuna neno la jambo hili, tena la siku nyingi: cha juu. Dereva wa ofisi akiwa anajaza mafuta kituo kile kile kila siku kwa sababu mwenye kituo anamwachia lita mbili zake, tunamwita mwizi. Anaandikiwa barua, anafukuzwa, na jina lake linatajwa kwenye vikao kama mfano mbaya. Bosi wake akiwa analala hoteli ile ile kila safari kwa sababu hoteli inamwachia pointi, tunamwita mteja mwaminifu na kadi yake ni ya dhahabu. Lita mbili ni wizi, pointi 40,000 ni baraka. Hapa Tanzania tuligombana miaka kuhusu takrima za uchaguzi, ule ukarimu wa wagombea kwa wapiga kura, mpaka Mahakama Kuu ikazifuta mwaka 2006; hii takrima ya hotelini hakuna hata aliyeipeleka kwa mwenyekiti wa mtaa.

Na msidhani takrima hii imetokea kwa bahati. American Airlines ilipoanzisha AAdvantage, programu yake ya zawadi kwa wateja, mwaka 1981, na Holiday Inn na Marriott zikaja na za kwao mwaka 1983, hawakuwa wanamtafuta mtu anayelipa kwa hela yake. Anayelipa mwenyewe huyo unampunguzia bei, basi, atarudi. Walikuwa wanamtafuta msafiri wa kikazi, kiumbe wa ajabu anayechagua hoteli lakini halipi. Huyo kumpunguzia bei hakumsaidii kitu, mwenye kuokoa ni mwajiri. Kwa hiyo bei inabaki pale pale, na zawadi inapita mlango wa nyuma mpaka kwake nyumbani. Tena programu kubwa za hoteli huwapa pointi hata wanaoandaa mikutano. Sasa mnaelewa kwa nini warsha ya kujadili vyoo vya shule lazima ifanyikie kwenye ukumbi wenye zulia linalozamisha viatu.

Novemba 2015 Rais Magufuli alipopunguza fedha za hafla ya ufunguzi wa Bunge na kuagiza zinunue vitanda vya Hospitali ya Muhimbili, watu walikumbuka vitanda. Mimi nakumbuka nyuso za waratibu wa warsha, waliohisi zamu yao inakuja. Zilikuwa kama za wafiwa.

Haya ya pointi nimeyaona kwa macho yangu. Tulikwenda Kigali watu wanane, warsha ya siku nne. Ukumbi ulikuwa dakika kumi kwa miguu kutoka kwenye nyumba ya wageni safi, chai na mayai asubuhi, mwenyewe anakukaribisha kwa jina. Kiongozi wa msafara akatupeleka upande wa pili wa mji, kwenye hoteli yenye jina la kimataifa. Kila asubuhi tukawa tunakodi magari mawili. Pale mapokezi nikamwona anainama kwenye kaunta na kunong'ona namba ya uanachama, tarakimu kwa tarakimu, kama mtu anayetaja namba ya siri ya benki. Vyumba vitatu vikaandikwa kwa namba yake, kikiwamo changu. Kwa hiyo mimi nilikuwa nalala, yeye anahesabu. Usiku nikikoroma, kuna mtu anapanda daraja.

Ukisema haya, jibu la kwanza ni kwamba una wivu. La pili, na hili ndilo linalonichekesha, ni kwamba pointi zisipotumika zitaoza bure. Maskini, pointi! Kana kwamba ni nyanya za Ilula. Kama zitaoza na ziooze, kijiji hakitakosa usingizi.

Na kuoza zinaoza kweli. Bonvoy, ukikaa miezi 24 bila shughuli yoyote, salio lako linafutwa. Bei ya chumba kwa pointi nayo wanaipanga watakavyo: Hilton waliacha jedwali la viwango maalumu mwaka 2017, Marriott wakaacha mwaka 2022, na leo bei ya usiku ule ule inaweza kupanda kulingana na msimu. Jirani zetu wa Kenya walionja mwaka 2022, kampuni ya simu ya Safaricom ilipotangaza kwamba pointi zake za Bonga zilizozidi miaka 3 zingefutwa kuanzia Januari 2023. Watu wakapiga kelele, kampuni ikaliweka jambo kando. Huo muujiza wenye tarehe ya mwisho wa matumizi sijausoma kwenye Biblia yoyote.

Wenzetu Wajerumani hawakucheka na jambo hili la pointi za safari za kikazi. Mwaka 2002 Gregor Gysi, aliyekuwa waziri wa uchumi wa jimbo la Berlin, alijiuzulu kwa sababu pointi za ndege alizozipata kwenye safari za kibunge alizitumia kwa safari binafsi. Cem Özdemir wa chama cha Kijani naye, akiwa na kashfa ya mkopo juu yake, akaachia ngazi wakati huo huo. (Baadaye alirudi, na mwaka 2021 akawa waziri wa kilimo, kwa hiyo aibu haiui mtu.) Wamarekani wao walichoka kufuatilia, na mwishoni mwa 2001 wakapitisha sheria ya kuwaachia watumishi wa serikali kuu pointi zao. Basi, Marekani ni Marekani. Mimi naishi kwenye nchi ambayo mwalimu ananunua chaki kwa mshahara wake.

Kuna watakaoniuliza kama mimi mwenyewe sijawahi. Nimewahi. Miaka ya nyuma nilikuwa nafundisha kozi fupi mikoani na nchi jirani, mwajiri analipia malazi, na baada ya miaka mitatu nikajikuta na pointi za usiku mmoja. Nikamchukua mke wangu. Mapokezi wakatupa juisi ya tangawizi na taulo la moto la kufutia mikono, kisha binti mmoja mpole sana akaomba kadi ya benki "kwa dharura tu, baba," na shilingi laki mbili zikazuiwa palepale. Chumbani kulikuwa na chupa nne za maji. Mbili zilikuwa na kikaratasi shingoni kinachosema karibu, mbili hazikuwa nacho. Tulikunywa tatu.

Kifungua kinywa hakikuwamo. Kwa watu wawili kilikuwa karibu laki moja, kwa hiyo asubuhi tulishuka kwa lifti yenye muziki laini, tukampita mlinzi mwenye kofia ndefu, tukazunguka mtaa wa nyuma kwa mama ntilie. Supu ya mbuzi, chapati mbili mbili, limau na pilipili ya kuponda. Mke wangu alikuwa amevaa slipa nyeupe za hoteli, amezisahau miguuni, na mama ntilie alizitazama mpaka tukamaliza kula. Elfu nane, wote wawili. Tuliporudi kukabidhi chumba nikaletewa bili ya usiku wangu wa bure: maji chupa moja, shati moja lililopigwa pasi, maegesho ya gari. Nililipa elfu arobaini na kitu, nikatia saini, nikaambiwa ahsante kwa uaminifu wako.

Uaminifu kwa nani? Aliyenilipia zile safari za miaka mitatu sikumwambia kitu. Wala si kwamba nilimficha. Fomu ya kurejesha masurufu iliniuliza tarehe ya kuondoka, tarehe ya kurudi, namba ya gari, risiti ya EFD, hata jina la mtu niliyemkuta huko. Hili la pointi halikuulizwa, na mimi sikulisema, na siku ile kwenye supu nililiona kama werevu wangu.

Kwa hiyo naomba wahasibu wa wizara, halmashauri, mashirika na miradi wanisikie. Kwenye fomu hiyo hiyo, chini ya pale panapoandikwa jumla ya fedha zilizotumika, ongezeni mstari mmoja: pointi zilizopatikana ni ngapi, na zimeingia kwa jina la nani.