Si Jirani Aliyeuangusha Mgodi



Kuna neno linalorudi vinywani mwa watu katika miji yetu ya Katanga kila bei ya unga inapopanda: «Wageni hawa hawakutaka kuwa wamoja nasi.» Wanaolisema hudhani kwamba mgeni akijifunza lugha yetu, akioa kwetu na kufuata desturi zetu, atapokelewa daima. Historia yetu wenyewe inalikanusha neno hilo.

Tangu miaka ya 1920 kampuni ya Union Minière ilichukua wafanyakazi kutoka Kasai, ikawaweka kambini pamoja na wake na watoto wao. Uchumi wa dunia ulipoanguka, mwanzoni mwa miaka ya 1930, maelfu ya wafanyakazi waliachishwa kazi na kurudishwa makwao. Kazi ilipoongezeka, wengine waliitwa tena. Wajukuu wao walizaliwa Likasi, Kolwezi na Lubumbashi. Walicheza na kugombana kwa Kiswahili, na wengi hawakuwahi kuiona Kasai. Ni ujirani gani zaidi ya huo tungeweza kuwadai?

Kisha shaba ikaanguka. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 450,000 kwa mwaka. Lakini fedha ziliponyonywa, mitambo haikutengenezwa. Mwaka 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto iliporomoka. Mishahara ikawa haitoshi wala haifiki. Hapo, mwaka 1992 na 1993, yule aliyekuwa «ndugu» siku ya mshahara akaitwa «bilulu», yaani mdudu. Maelfu kwa maelfu walilala kwenye stesheni ya Likasi wakingoja treni, na wengine, hasa watoto, walifia hapo au njiani. Lugha yao haikuwa imebadilika, wala ndoa zao, wala desturi zao. Kilichobadilika ni chungu jikoni.

Najua jibu linalotolewa: «Walishika vyeo, sisi wenyeji tukaachwa nyuma.» Lalamiko hilo lina ukweli, nami silidharau. Lakini ni nani aliyegawa vyeo? Ni kampuni na serikali, si fundi wa kambini. Tena dawa ya kuwafukuza ilijaribiwa. Mafundi, walimu na wauguzi waliondoka. Je, mishahara ilirudi? Mwaka 1994 Gécamines haikufikisha hata tani 40,000. Nigeria nayo, bei ya mafuta iliposhuka, iliwafukuza wageni zaidi ya milioni moja mwaka 1983, wengi wao Waghana. Uchumi wake haukupona kwa hilo.

Baada ya vita vya Kasai vya 2016 na 2017, vijana wengine wamefika mijini kwetu kutafuta riziki, na maneno yale ya zamani yameanza kusikika. Ninyi hamkuiona stesheni ile. Basi shikeni haya: mwanasiasa akikupa kabila mahali pa kazi, mdai hesabu ya fedha za mgodi. Rafiki yako akitamka «bilulu», hata kwa mzaha, mkatize palepale, iwe ni mazoezini mwa kwaya au uwanjani.

Wala msingoje bei ya kobalti ishuke ndipo mjiulize jirani yenu ni nani. Siku hiyo mtakuwa mmechelewa.