Damu inayozeeka mbele ya mtoto

Sisi wa Alunguli tunajua mtoto wa SS hata mbele munganga hajasema: macho ya manjano, vidole vinavimba, usiku kilio cha mifupa. Kitu hatujui vizuri ni kwamba damu yake inazeeka mbio. Chembe nyekundu za mtu mzima wa afya zinaishi siku 120. Zake zinajikunja kama mundu na kufa ndani ya siku 10 mpaka 20. Wengu lake, lenye kuchuja damu, mara mingi linachoka mbele ya miaka 5. Njo maana homa ndogo inamuangusha.

Halafu jamaa wanaanza kutafuta mchawi, na mama njo anafukuzwa. Hapana! Mara mingi baba na mama wote wawili ni AS, na hawasikie ugonjwa wowote. Kwa kila mimba, hatari ya SS ni moja juu ya nne. Wewe baba uliye kwa shimo kule Kalima, ulishapima damu yako?

Dawa iko. Idroksiure ilijaribiwa kwa watoto wa Kinshasa, Luanda, Kilifi na Mbale. Matokeo yalitoka 2019: maumivu yalipunguka, malaria na vifo pia. Tunaomba wakubwa wa afya: dawa hiyo na kipimo vikae ngambo yetu, tusivushe mtoto Lualaba usiku kwa mtumbwi, kumutafutia damu. Na sisi wenye kulipa mahari na dhahabu, tutoe kwanza franga ya elektroforezi.