Chupa Ijazwe Tena, Lebo Ibadilike

Sokoni hapa Kolwezi mama muuza mawese hakuuzii chupa. Unakuja na yako, anakupimia, unalipa mafuta tu. Lakini vijana wanaoanza kutengeneza losheni mjini wananunua chupa mpya kwa kila mteja; bei yake inaingia kwenye losheni, chupa inaishia mtaroni. Amri ya serikali ya tarehe 30 Desemba 2017 ilikataza mifuko ya plastiki, na mitaro bado imejaa plastiki.

Wajaze chupa za wateja, basi. Ziwe zimeoshwa na kukauka kabisa, maana losheni yenye maji huharibika upesi. Ninachoogopa zaidi ni lebo. Chupa ya zamani ikitiwa kitu kipya, maandishi yake yanakuwa uongo, na penye krimu za kung'arisha ngozi zenye hidrokinoni uongo huo unaweza kumuunguza mtu uso. Kila anapojaza, muuzaji abandike karatasi mpya: kilichomo, tarehe, jina lake. Kwa Kiswahili, si Kifaransa peke yake.

Kazi hiyo ni yetu sisi wanafunzi wa lugha. Nilimwandikia dada yangu lebo ya kwanza, tukakwama neno la kwanza: kwetu “mafuta” ni ya kupikia na ya kujipaka. Tukaongeza “ya ngozi, hayaliwi”.