Ramani ya Mashimo Isifungiwe Kabatini

Mnamo Machi 2018 ardhi ilipasuka karibu na Mai Mahiu, na barabara iendayo Narok ikakatika. Vyombo vya habari vya ng'ambo vilitangaza kwa kishindo kwamba Afrika inagawanyika mapande mawili. Wanajiolojia kadhaa walitoa maelezo ya utulivu zaidi: chini ya Bonde la Ufa mna nyufa za kale zilizojaa jivu la volkano, na mvua kubwa ilikuwa imelisomba jivu hilo hadi udongo wa juu ukakosa pa kuegemea.

Swali ninalouliza ni hili: je, afisa anayetoa kibali cha ujenzi huwa na ramani ya nyufa kama hizo mezani pake?

Tutazame mfano wa Ufaransa. Kwa karne nyingi wenyeji wa Paris walichimba mawe ya kujengea chini ya ardhi, kisha mji ukapanuka na kuketi juu ya machimbo yaliyosahauliwa. Mwaka 1774 sehemu ya barabara iliporomoka. Mwaka 1777 Mfalme Louis wa 16 aliunda idara ya kukagua machimbo, na kazi hiyo akapewa msanifu Charles-Axel Guillaumot. Mafundi walijenga nguzo, wakachora ramani, na wakachonga katika kuta za chini majina ya barabara zilizokuwa juu yake. Idara hiyo ingalipo hadi leo, na wajengaji huitegemea. Hata hivyo, hatari haikwisha. Mwaka 1961, huko Clamart nje kidogo ya Paris, machimbo ya chaki yaliporomoka na watu 21 wakafa.

Hapa kwetu, mgodi wa dhahabu wa Rosterman mjini Kakamega ulifungwa mwaka 1952, lakini mashimo hayakuondoka na wenyewe. Wachimbaji wadogo nao wangali wanachimba huko, na vilevile Siaya na Migori. Shimo lililochimbwa kwa mkono wa binadamu lina mtu aliyelijua. Asipoandika mahali lilipo, mjukuu wake atajenga nyumba juu yake.

Najua pingamizi litakalotolewa. Wenye viwanja watalalamika kwamba ramani ya hatari itashusha bei ya ardhi. Huenda ikashuka kweli. Lakini bei inayosimama juu ya siri ni deni, na mlipaji wake ni mnunuzi asiyejua. Isitoshe, ramani haimaanishi kuhamisha kila mtu. Mahali pengine patafaa malisho au uwanja wa michezo. Pengine patahitaji kutobolewa na kupimwa kwanza kabla ya msingi kuwekwa.

Katiba ya 2010 iliikabidhi kaunti kazi ya mipango, na sheria ya 2019 kuhusu mipango na matumizi ya ardhi ikaipa uwezo wa kuruhusu au kukataa ujenzi. Basi ramani hizo ziwe katika ofisi za kaunti, wazi kwa kila mwananchi, si katika makabati ya wataalamu Nairobi.

Walimu na wanafunzi nao wana nafasi yao. Somo la Jiografia linaweza kuwatuma vijana kwa wazee, waulize migodi ya zamani ilikuwa wapi, waichore bila kuikaribia, kisha wawasilishe michoro yao kwa kaunti. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nami naongeza kwamba hakuna awezaye kuziba ufa asioujua ulipo.