Orodha ya Vielelezo: Mwandishi Analaumiwa kwa Kasoro ya Programu

Msimu wa kukabidhi tasnifu ukifika, vyuoni husikika hukumu ileile: wanafunzi hawajui kompyuta. Ushahidi unaotolewa ni Orodha ya Vielelezo. Orodha inasema kielelezo kipo ukurasa wa 42, msomaji akifungua anakuta jedwali. Kwingine anaelekezwa kwenye mchoro uliofutwa zamani. Tiba inayopendekezwa nayo ni moja: wafundishwe.

Hoja hiyo ina ukweli, na ni haki kuukiri kabla ya kuipinga. Wapo wengi wanaoandika “Kielelezo Na. 1” kwa mkono, kisha wanatafuta kurasa kwa macho usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi. Laiti wangejua kwamba Microsoft Word ina amri ya kuweka maelezo ya picha yanayojihesabu, na kwamba kuchagua waraka wote na kubonyeza F9 husahihisha namba, rejea na orodha, wangeokoa muda mwingi. Chuo kisichotoa mafunzo hayo kinawanyima wanafunzi haki yao.

Hata hivyo, mafunzo kusaidia si ithibati kwamba ujinga ndio chanzo. Anayezijua amri zote bado hukwama, kwa sababu Word haitambui kwamba picha na maelezo yake ni kitu kimoja. Kwake, maelezo ni aya kama aya nyingine, iliyotokea tu kukaa jirani na picha. Kasoro zinazoonekana ni nne.

Kwanza, picha na maelezo huachana. Ukifuta picha, maelezo hubaki, na orodha huendelea kutaja kisichokuwapo. Picha ikiwa imewekwa ielee juu ya maandishi, maelezo yake huingia katika kisanduku cha peke yake, nawe huna budi kuviunganisha kwa mkono ili vihame pamoja. Haya si mambo yasiyoepukika. Programu ya LibreOffice Writer huweka picha na maelezo yake ndani ya fremu moja. Ukiivuta, vyote viwili hufuata. HTML5, lugha ya kurasa za wavuti iliyoidhinishwa mwaka 2014, ina kipengele kinachobeba picha pamoja na maelezo yake. LaTeX, mfumo wa kuandaa nyaraka ulioanzishwa na Leslie Lamport miaka ya 1980, nao huviweka pamoja.

Pili, orodha haijisahihishi. Ukihamisha sura, namba za vielelezo hubaki zilivyokuwa mpaka utoe amri. Ukifuta jedwali lililorejelewa, huonywi papo hapo; utagundua siku ya kusahihisha au kuchapa, pale rejea itakapogeuka ujumbe kwamba chanzo chake hakikuonekana. Watetezi husema kusahihisha kila wakati kungeilemea kompyuta, hasa waraka ukiwa mrefu. Nakubali kwamba kurasa husogea kila neno linapoongezwa, na si lazima orodha ifukuzane na kila herufi. Ingetosha ijisahihishe waraka unapohifadhiwa. Lakini hoja ya uzito wa kazi haina nguvu tena. Mwaka 1979, VisiCalc, programu ya lahajedwali, ilikokotoa upya jumla kila tarakimu ilipobadilishwa, tena kwenye kompyuta ya Apple II. Kompyuta ya leo haiwezi kushindwa kuhesabu vielelezo thelathini.

Tatu, orodha hubeba maelezo yote. Maelezo mazuri ya kielelezo huwa marefu: hutaja mwaka, chanzo cha data na maana ya alama. Katika orodha, msomaji anahitaji jina fupi tu. LaTeX humruhusu mwandishi kuandika yote mawili, refu la chini ya picha na fupi la orodha. Katika Word ujanja wa kufanya hivyo upo, ila umefichika mno. Kwa hiyo mwandishi hulazimika kuchagua: ama ajaze orodha kwa aya nzima, ama ampunje msomaji wa kielelezo.

Nne, rejea hazijali sarufi yetu. Ni kweli kwamba Word inakubali uunde lebo ya “Kielelezo Na.” au “Jedwali Na.”, na hilo ni jema. Tatizo huja unapotaka kuandika “tazama Vielelezo Na. 2 na 3”. Word hukupa lebo pamoja na namba, au maelezo. Namba peke yake haimo katika chaguo zake. Unaletewa “Kielelezo Na. 2”, ilhali wingi wetu hukaa mwanzoni mwa neno. Mwandishi huishia kuandika namba kwa mkono, na hapo ndipo makosa yanapoingia. LibreOffice hutoa namba peke yake, kwa hiyo jambo hili nalo linawezekana.

Wapo watakaosema: anayetaka hayo yote ahamie LaTeX. Kwa mwanahisabati, ushauri huo ni mzuri. Lakini mwanahistoria au bwana shamba anayeandika ripoti hapaswi kujifunza lugha ya maagizo ili tu picha zake zihesabiwe sawasawa, wakati msimamizi wake anasahihisha rasimu katika faili la Word.

Basi tufundishe, na vyuo vitoe violezo vyenye lebo za Kiswahili tayari. Sambamba na hilo, wanaonunua programu wadai marekebisho, na wanaotumia LibreOffice waandike mapungufu yake kwenye daftari lake la makosa, ambalo liko wazi kwa umma. La kuanzia liwe lile la kwanza: picha na maelezo yake vifungwe pamoja. Programu ikishajua ni kipi cha nani, itaweza kujua kilichofutwa na kilichohama, na kumwonya mwandishi mapema. Bila msingi huo, kila somo la F9 litakuwa somo la kuishi na kasoro ambayo wengine wameshaonyesha kwamba inatibika.