Mwarobaini, Mchina na Mafua Yako

Jamani, mafua yakiingia mjini kila simu inageuka duka la dawa. Huyu anauza chai ya mitishamba ya Kichina, yule kachemsha mwarobaini, ati unatibu maradhi arobaini. Uliza imepimwa wapi, unajibiwa: "Mababu walitumia."

Sawa, heshima kwa mababu. Lakini mbona Wachina wenyewe hawakuishia hapo? Tu Youyou alisoma kitabu cha tiba cha miaka 1,600 iliyopita, akagundua kuwa moto mwingi unaiharibu dawa iliyo kwenye mmea wa qinghao. Akaitoa bila kuichemsha, akaijaribu kwa wanyama, kisha yeye mwenyewe akainywa kabla ya wagonjwa. Ndiyo asili ya tembe za malaria tunazopewa hapa Kilifi. Mwaka 2015 akapata Nobel.

Na mafua je? Mwaka 2007 watafiti wa Cochrane walichambua majaribio ya mitishamba ya Kichina. Mengi yalifanywa ovyo, hawakuweza kupendekeza hata dawa moja.

Afu mafua huisha yenyewe, kwa kawaida siku 7 hadi 10. Ukipona siku ya nane, chai isijigambe.

Tangawizi kunywa, inapasha koo. Asali hutuliza kikohozi kidogo, ila mtoto chini ya mwaka mmoja usimpe. Lakini anayekuuzia chupa ya "tiba", muulize: ilijaribiwa kwa wangapi, na wasioinywa walipona lini? Kupima dawa si uzungu. Kemri wako hapa Kilifi tangu 1989.

Na mtoto akihema kwa shida, bana, mkimbize hospitali.