Chuma Chakavu Ni Mali

Kila kijiji kina vyuma vilivyotupwa. Hata hapa Sigi vipo. Pita nyuma ya nyumba uangalie. Utaona jembe lililolika, panga lililovunjika, sufuria iliyotoboka na mnyororo wa baiskeli wenye kutu. Akija mnunuzi wa chuma chakavu, tunamuuzia vyote kwa kilo. Yeye anatia ndani ya gunia na kuondoka. Sisi tunabaki na fedha kidogo, na kesho yake zimekwisha.

Maoni yangu ni haya: tusiuze vyote. Vingine tuvifanyie kazi hapa hapa kijijini. Tutengeneze sanamu.

Wengine watacheka. Watasema, "Sanamu hailiwi." Ni kweli. Lakini kinyago cha Mmakonde nacho hakiliwi. Hata hivyo, vinyago vimelisha familia nyingi za wachongaji. Tena mti wa mpingo hukua polepole sana. Sanamu ya chuma chakavu haihitaji kukata mti hata mmoja.

Kazi hii si ndoto. Jirani zetu wameifanya. Huko Kenya, Kioko Mwitiki anajulikana kwa sanamu za tembo na wanyama wengine alizounda kwa vyuma vilivyotupwa.

Huko Msumbiji, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikwisha mwaka 1992. Bunduki nyingi zilibaki mikononi mwa watu. Mwaka 1995 Baraza la Kikristo la nchi hiyo lilianza mpango wa kuzikusanya. Aliyeleta silaha alipewa kifaa cha kazi, kama jembe, baiskeli au cherehani. Silaha zilikatwa vipande, na wasanii wakaunda sanamu. Mwaka 2001 msanii Cristóvão Canhavato, aitwaye Kester, aliunda kiti kwa vipande vya bunduki. Leo kiti hicho kimo katika jumba la makumbusho mjini London. Ikiwa bunduki imekuwa kiti, jembe letu bovu litashindwa kuwa ndege?

Sisi wa Sigi tuna nafasi nzuri. Hapa ndipo lango la Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, iliyotangazwa mwaka 1997. Wageni huja kuona msitu, ndege na vinyonga. Wakiondoka, hupenda kubeba kitu cha ukumbusho. Kwa nini wasibebe kinyonga wa chuma aliyeundwa Sigi?

Vifaa vya kuanzia tunavyo. Mfua chuma ana moto, nyundo, koleo na tupa. Kijana anayeunda gari la waya ana jicho la kazi hii. Wakae pamoja. Mnyororo wa baiskeli utakuwa mkia wa kinyonga. Jembe lililolika litakuwa bawa la hondohondo.

Sisemi tuache mashamba yetu ya iliki, karafuu na pilipili manga. Wala sisemi kila sanamu itapata mnunuzi. Tuanze na chache, wakati kazi za shamba zimepungua.

Lakini tuangalie mambo mawili. Kwanza, si kila chuma ni chakavu. Bomba la maji, chuma cha daraja na alama ya barabarani ni mali ya umma. Anayeving'oa anatuibia sote. Pili, vitu vingine vina sumu. Makopo ya dawa za mimea na betri za gari tusivipasue wala kuvichoma. Tena tusivitupe mtoni. Mto Sigi ndio unaowapa maji watu wa mji wa Tanga.

Basi, ndugu zangu, kabla ya kumwita mwenye mizani, tuvitandaze vyuma vyetu uwanjani. Tuwaite mfua chuma na vijana, tuwaulize: "Hiki kinaweza kuwa nini?" Watakavyovichagua, wapewe wavifanyie kazi. Vitakavyobaki, ndivyo tuviuze kwa kilo.